Kina Mama Wote Walisema Ejo

Kiboko alianguka Ruziba, kwenye shimo la watu wa matofali. Nilikuwa kijana, mjomba wangu alinipeleka huko kununua ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, tukakuta watu wamezunguka shimo kama wanaangalia mpira. Kiboko alikuwa amesimama chini, masikio yanapigapiga, mgongo umekauka na kupasuka. Kila akijaribu kupanda, udongo ulikuwa unabomoka naye anarudi chini. Kulia hakulia. Hilo ndilo lililonishangaza, mnyama mkubwa vile amenyamaza.

Shefu wa pale akaja na askari wake, akauliza, "Ameanguka lini?" Mzee mmoja akajibu, "Ejo." Sawa. Baada ya siku kadhaa tukarudi kwa ndagala zetu, kiboko bado yupo, na safari hii wamekuja wakubwa kutoka mjini. Wakauliza lile lile. "Ejo." Na tuliporudi mara ya tatu, bado alikuwa ameanguka ejo. Mi nikacheka. Mjomba akanivuta sikio, akasema, "Usicheke. Hawa wanajua kujibu." Sikumwelewa, na mjomba alikufa bila kunieleza.

Kwa asiyejua Kirundi, ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Neno ni lile lile, unasikiliza linalofuata ndipo unajua mtu anaongea ya nyuma au ya mbele. Mgeni akiambiwa hivyo anashika kichwa. Sisi hatuoni taabu, tumezaliwa humo. Kiboko nitamrudia. Nimeanza naye kwa sababu kila nikitaka kumweleza Dogiteri, anaanza kuja yule kiboko.

Jina lake nalijua, silisemi. Sisi wa mtaa wa Buyenzi tulimwita Dogiteri tu, kana kwamba mji mzima ulikuwa na mmoja, na ukweli ni kwamba miaka ile walibaki wachache. Alikuwa daktari wa watoto. Mi nilikuwa fundi wa cherehani na mashini za kuandikia, kibanda changu kinatazama mtaro, nyuma yake ndipo ninapolala na Mama Zaina. Shule niliacha mapema, na Kifaransa changu ni cha kununua na kuuza. Kwa hiyo haya ninayosema juu ya karatasi zake, nayasema kama alivyonieleza yeye, nikikosea kosa ni langu.

Alikuja wakati wa ambago, nchi jirani zimetufungia mipaka, petroli inauzwa kwa chupa za bia, sukari imekuwa kama dawa. Juu milimani ni vita, barabara ya Musaga leo imefunguliwa kesho imefungwa, jioni mapema kila mtu ndani. Mji ulikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Nyumba yake ya Kinanira ilikuwa imeingiliwa na wezi, wakachukua redio, magodoro na mashini yake ya kuandikia. Ile ya kisasa ya hospitali, yenye kioo, ilikuwa inakula umeme, na umeme wenyewe ulikuwa mgeni.

Akasimama mlangoni, akaangalia viatu vyake kwanza kama havikuchafuka, ndipo akanisalimia. "Muzee, nasikia uko na mashini inaandika."

"Ninazo zinazoandika na zinazodanganya kwamba zinaandika."

"Nipe ile haidanganye."

Nikamwonyesha ya Mgiriki. Mgiriki mmoja mfanyabiashara aliniletea mashini yake nimtengenezee, akaenda kwao, "Mara moja tu," akasema, na hajaja kuichukua mpaka leo. Mashini nzuri, chuma kitupu, ila herufi ya o ilikuwa kali, inatoboa karatasi. Dogiteri alipiga mstari mmoja, akauinua kwenye mwanga, kila o ikawa kitundu. "Inauma," akasema. Lakini akakaa. Tangu siku ile kona ya kibanda changu ikawa yake, anatoka hospitali mchana anakuja, wakati mwingine na koti lake jeupe mkononi.

Tabia zake sasa. Alikuwa anapangusa vitufe vya mashini kwa pamba yenye spiriti kabla hajavigusa, kila siku, utafikiri ni mgonjwa wa kuchoma sindano. Alikuwa anaogopa mbwa. Mbwa wa jirani yangu alikuwa kipofu na hana meno, na Dogiteri alikuwa anazunguka mtaa mzima asipite mbele yake. Viatu alipaka rangi asubuhi na akavipaka tena kwangu, kikopo cha rangi kilikaa mfukoni pamoja na kile kitu cha kusikilizia moyo. Mama Zaina alikuwa anasema mtu huyu akifa atauliza kaburi kama lina tope.

Na alikuwa mwongo. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Kwa mdomo, Dogiteri alikuwa anadanganya bila hata kupepesa macho. Chai ya Mama Zaina isiyo na sukari aliisifu kama pilau ya Idi. Mzee wa msikiti mwenye mguu uliovimba alimwambia, "Utacheza kwenye harusi ya mujukuu wako," na mzee alipotoka akaniambia mimi kwa sauti ya chini kwamba mguu ule hauna siku. Tulipocheza karata aliiba wazi wazi, ukimkamata anacheka na kukurudishia.

Lakini mbele ya mashini alikuwa mtu mwingine. Nilimwona akichana ukurasa mzima kwa sababu ya namba moja, na karatasi zenyewe ilikuwa taabu kuzipata. Nikamuuliza, "Dogiteri, we mbona unadanganya watu na hudanganyi karatasi?"

Akajibu, "Muzee, mudomo unasamehewa. Karatasi haisamehewe. Mutu hajazaliwa bado atakuja kuisoma, na mi sitakuwa pale nimueleze."

Alilirudia mara nyingi neno hilo, kila mara kama analisema mara ya kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa makala ya kupeleka Ulaya, kwenye jarida linalosomwa na madaktari. Jarida lilikuwa na karatasi yake ya masharti, yeye aliikunja mara nne, akaifungua na kuikunja mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Alinitafsiria. Ukurasa wa kwanza kichwa cha makala na majina tu. Ukurasa wa pili muhtasari, usizidi maneno waliyopanga. Kila jedwali karatasi yake peke yake. Nakala tatu. Na kati ya mstari na mstari uache nafasi ya mstari mwingine, wazi.

"Wazi hivi hivi?" nikauliza. "Karatasi yote hii?"

"Ni ya wale wanaosoma. Wanaandika pale makosa yangu."

"Kwa hiyo unawanunulia uwanja waje kukutukana."

Alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye kila akivuta mstari mara mbili, ananiambia, "Uwanja, Muzee."

Riboni za dukani ziliisha, mi nikawa natia wino ile ya zamani kwa masizi ya taa na mafuta ya cherehani. Kwa hiyo mjue, maneno yale ya Ulaya yaliandikwa kwa moshi wa Buyenzi. Kaboni aliweka mbili, akagonga kwa nguvu ili nakala ya chini isome, na zile o zikazidi kutoboa.

Makala ilikuwa ya watoto wanaohara damu. Ugonjwa ule, mliouona mnaujua, kambi zimejaa, maji hakuna. Kwa kila mtoto aliyeletwa kwake, mama aliulizwa: mtoto ameanza kuumwa lini? Jibu likaandikwa. Basi Dogiteri akahesabu, akaona kitu kikubwa: watoto wengi walikuwa wanafikishwa wameshaisha, na kina mama karibu wote walisema ugonjwa umeanza ejo. Ejo, akaandika siku moja. Kwa hiyo makala ilikuwa inasema kwamba ugonjwa wa hapa kwetu umekuwa mkali kuliko wa kwingine, unamaliza mtoto kwa siku moja. Jambo jipya. Na kwa jambo hilo jipya, kulikuwa na hospitali moja kule Ulaya imemwambia: makala yako ikitoka, tutakupa nafasi ya kusoma hapa, wewe na bibi yako na watoto wako wawili.

Mnaona sasa. Haikuwa makala tu. Ilikuwa mlango, na mji wote ulikuwa hauna mwingine.

Walijibu. Barua ililetwa na padri yule yule aliyepeleka makala, ameibeba ndani ya kitabu chake cha sala, maana posta ilikuwa imelala. Walisema makala ni nzuri, wataipokea, ila wana swali moja. Wameuliza: mwandishi ana uhakika gani kwamba ugonjwa umeanza jana yake? Mtoto aliyekonda namna hiyo, macho yameingia ndani namna hiyo, haijawahi kuonekana kwa siku moja. Aeleze, kisha watapiga chapa.

Dogiteri alifurahi. Aliona ni swali dogo. Alituletea sukari siku ile, sijui aliipata wapi, akatia vijiko vinne kwenye kikombe chake, akasema, "Nitawajibu mistari miwili. Mama alisema, mi niliandika. Imeisha."

Angeijibu siku ile ile tungekuwa na habari nyingine. Lakini riboni ilikuwa imekauka, nikamwambia arudi ejo.

Alirudi baada ya siku nne, saa nane ya mchana, nalikumbuka jua. Hakuangalia viatu. Viatu vilikuwa na tope mpaka juu na hakuviangalia, ndipo nikajua kuna kitu. Akakaa kwenye kiti chake, mikono iko juu ya vitufe lakini haipigi. Mama Zaina akamwekea chai. Hakuisifu.

"Dogiteri, uko mugonjwa?" Mama Zaina akauliza.

"Apana."

Kisha akatueleza. Alikuwa amekwenda kumwona mama yake mzazi, upande ambao watu wa upande huu hawakupaswa kwenda, akalala huko siku tatu kwa sababu barabara ilifungwa nyuma yake. Kurudi, akakuta vijana wameweka bariyeri, magogo na bodi la gari la zamani, wana marungu. Mmoja akamwangalia uso, pua, kidole, kutafuta ni wa upande gani, akauliza, "We muzee, umetoka mujini lini?"

"Na we ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nikasema ejo." Akaweka miwani mezani. "Sikufikiri, Muzee. Ilitoka yenyewe. Maana ningesema siku tatu, angeuliza siku tatu nilikuwa kwa nani. Nimelala wapi. Nani amenipa chakula. Ejo haina maswali. Ejo ni juzi juzi tu, ni hapa karibu, inakupitisha."

Mama Zaina akasema, "Mungu ashukuriwe imekupitisha."

"Imenipitisha," akasema. "Na wale mama, mlango wa hospitali uko na askari. Anaingia na mutoto mugongoni. Anaulizwa, ameanza kuumwa lini? Aseme wiki? Aseme wiki nzima alikuwa amejificha kwenye bonde na mutoto anahara, kwa sababu hakuweza kupita? Alikuwa na nani kwenye bonde?"

Nje mtu alikuwa anagonga bati.

"Ugonjwa haukuwa mukali," akasema. "Ulikuwa ule ule wa siku zote. Ni njia ilikuwa imefungwa."

Ndipo mjomba wangu akanirudia, na sikio langu, na kiboko. Nikamweleza Dogiteri habari ile, yote kama nilivyowaeleza, sijui kwa nini, labda kumtuliza. Alisikiliza sana. Mwisho akauliza jambo moja. "Ilitoka?"

"Ilitoka. Mvua ilinyesha, ukuta mmoja ukalala. Asubuhi watu wanakuja, shimo tupu."

"Nani aliiona ikitoka?"

"Hakuna."

"Iliishi?"

"Dogiteri, mi nilikuwa mutoto, nilitumwa ndagala. Sijui."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa dawa chungu, akavaa miwani.

Bibi yake nilimwona mara moja tu, na nilimwonea huruma. Alikuja mwenyewe kibandani, mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa safi, mkoba ameubana kifuani kama wote tulivyokuwa tunabana vitu miaka ile. Dogiteri alikuwa anaandika kurasa zote upya. Hakunisalimia vibaya, alinipa mkono, "Muzee, tunakusumbua." Kisha akamgeukia mume wake.

"Ni kweli unabadilisha?"

"Ni kweli."

"Wao wenyewe wanaipokea. Wanataka mistari miwili. Uliniambia mwenyewe mistari miwili."

"Mistari miwili ya uongo."

"We mutu wa uongo kila siku! Jana umemwambia mama yangu kanenepa." Nikainamisha kichwa kwenye cherehani nisicheke. Yeye hakuwa anacheka. "Watoto wako wanalala chini ya kitanda. Chini, si juu. Wamezoea, mudogo anaita pale chumba chake. Na we unakataa kuondoka kwa sababu ya neno moja. Ejo. Nani huko Ulaya anajua ejo ni nini?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo sababu."

"Mutu atakufa kwa neno moja?"

Dogiteri akasema polepole, "Wale watoto wamekwisha kufa, mama."

Alimwita mama, kama tunavyowaita wake zetu tukiwa hatuna la kusema. Yule mwanamke akamtengenezea kola ya shati, akaondoka. Mama Zaina alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi macho mekundu, akanifokea mimi kwa ajili ya kikombe kichafu ambacho hata sikukitumia.

Nami niseme ukweli wangu. Nilikuwa upande wa bibi. Nilimwambia Dogiteri, "Tia ile siku moja, toka hapa, ukifika kule andika makala ya pili useme kweli." Niliona ni ushauri mzuri, mpaka leo sijaona ubaya wake sana. Akanijibu, "Na katikati, Muzee? Daktari ataisoma katikati. Ataona mutoto amekonda, atasema ni ugonjwa mukali, atatafuta dawa kali. Hataiuliza njia." Akavuta mstari mara mbili. "Uwanja," akasema, lakini hakucheka.

Siku ya mwisho alikuja mapema kuliko kawaida, mchana haujaiva. Amenyoa, viatu vinang'aa. Alipangusa vitufe na pamba. Jedwali la siku za ugonjwa alikuwa amelitoa lote, na mahali pake alitaka kuandika sentensi moja. Aliipiga taratibu, kidole kimoja kimoja. Niliangalia nyuma ya mashini nikaona kitu: hakuweka kaboni. Mtu wa nakala tatu, siku ile aliweka karatasi moja tu.

Akaitoa, akatusomea kwa Kifaransa, kisha akatutafsiria mimi na Mama Zaina. Ilisema hatukuweza kujua mtoto ameugua tangu lini, kwa sababu mama alikuwa anaogopa kusema amekuwa wapi. Alipoulizwa alijibu ejo, na sisi tuliandika siku moja, na tulikosea.

Mama Zaina alikwenda kufunga dirisha.

"Dogiteri," akasema akiwa amegeuka huko huko, "karatasi kama hiyo, wakikukuta nayo bariyerini?"

"Imeandikwa Kifaransa."

"Na wanaojua Kifaransa?"

Aliinua ukurasa kwenye mwanga kama alivyofanya siku ya kwanza. Neno lile aliliandika kwa Kirundi, hakulitafsiri, na ile o yake ilikuwa imetoboka, mwanga unapita. Akaingiza ukurasa kati ya zingine, akatia zote ndani ya bahasha, bahasha ndani ya koti jeupe, koti akalikunja mkononi kama siku zote. Nikamuuliza padri atapita lini kuichukua. Akasema padri haji tena, ataipeleka mwenyewe. Wapi, hakusema, mi nikaogopa kuuliza.

Kikopo cha rangi ya viatu alikiacha juu ya mashini. Nilimwita, "Dogiteri, rangi yako."

"Wacha pale," akasema. "Ejo."

Akaruka mtaro, akakanyaga pale pakavu. Yule mbwa kipofu alikuwa amelala mbele ya mlango wa jirani, kichwa barabarani. Nilingoja nione atazunguka. Hakuzunguka. Alipita kando yake, karibu kabisa, mbwa akainua pua akainusa hewa, naye akaendelea kwenda na koti lake mkononi, mpaka kwenye kona, akakata.

Mama Zaina alitoka na kikombe cha chai. "Ameenda? Amesema anarudi lini?"

"Ejo," nikamwambia.

Akasimama na kile kikombe, anangoja neno linalofuata. Sikuwa nalo.

Hakurudi.